Daftari la bi mkubwa limenivua nguo: miaka yote najua mie ndo nabeba nyumba

Mgosi wa Kange

Wakuu salaam. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu. Naandika manake nimeshindwa kulala siku ya tatu leo na wife nimeshaona aibu kumsimulia tena.

Sie kwetu Ngamiani, nyumba ya urithi, zile za ukumbi katikati vyumba huku na huku. Tuko watatu. Mie mkubwa, nina kazi ya mshahara hapa hapa Tanga, nakaa Kange. Anayenifuata ni dada, ndoa ilimshinda kitambo akarudi nyumbani, anakaa na mama. Wa mwisho ni bodaboda yuko Mabawa, huyo tangu mdogo ni mtu wa "kaka nitolee buku mbili ntakurudishia", na hairudi.

Mvua hizi zilizopita chumba cha uani kikaanza kuvuja, bati zimeoza. Mdogo wangu akaandika kwenye grupu la familia, tuchange sawa kwa sawa wote watatu. Wallahi lile neno sawa kwa sawa lilinichoma hapa kifuani. Nikabonyeza voisi, dakika tatu na sekunde arobaini, nikamwaga yote, kwamba mie kila mwezi natoa laki kwa mama, kila mwezi bila kukosa, nyie mko wapi, nyumba hii nani anaibeba, leo mnaniambia sawa kwa sawa kama tunagawana karata. Nikatuma. Nikalala vizuri sana usiku ule, na hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Asubuhi naona hakuna aliyejibu, ila dada kaandika mstari mmoja, "Kaka pita nyumbani baada ya laasiri mama ana kitu anataka kukuonyesha."

Nimefika nikamkuta mama kwenye mkeka, kaweka pembeni lile daftari kubwa la jalada gumu, kalifunga na kipande cha kanga. Sijawahi kuliona maishani mwangu. Kumbe bi mkubwa anaandika kila shilingi inayoingia mkononi mwake, anaandika kwa herufi za kiarabu kama walivyofundishwa chuo cha Kurani enzi zao, kiswahili kile kile chetu lakini herufi za kiarabu, na miezi ni ya kiislamu, mfunguo mosi, mfunguo pili, hadi Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Akanambia soma.

Sasa mie chuo niliacha juzuu ya tatu nikakimbilia mpira. Nimekaa pale nasoma kama mtoto, naunga herufi moja moja, mama anasikiliza kafumba macho. Nikafika kwenye hesabu nikasoma vibaya, naona kiduara nasema sifuri, akanikata, "Hiyo duara ni tano, sifuri ni kitone. Hata tano umeisahau." Dada yuko mlangoni anapepeta mchele, hajanyanyua uso.

Nifupishe. Kuanzia Ramadhani ya mwaka juzi hadi Shaabani iliyofuata, miezi kumi na mbili, jina langu lipo miezi saba. Saba. Laki kamili nimetoa mara mbili tu, Ramadhani na mfunguo tatu, yaani kwenye sikukuu ndo nilijitutumua. Kwingine hamsini, hamsini, arobaini, thelathini, hamsini. Jumla laki nne na elfu ishirini. Mie kichwani nina milioni moja na laki mbili, ningeapa hata msikitini.

Mdogo wangu, huyu wa buku mbili, jina lake lipo mara hamsini na nane. Elfu tatu, elfu tano, kumi, siku nyingine ishirini na tano. Nimejumlisha kwenye simu mara mbili nikidhani nimekosea, laki sita na elfu kumi na saba.

Hakuna aliyenisema. Mama akafunga daftari na kile kipande cha kanga akaniuliza nimekula. Nimekula bada kwa samaki na machozi yamenikaba.

Sasa swali langu wakuu, sikuwa nadanganya. Naapa nilikuwa naamini kabisa. Imekuwaje mtu mzima na akili zake awe na hesabu ya uongo kichwani na asijue?

Kipanga wa Donge

Mgosi pole. Ila hapo kwa voisi ya dakika tatu na nusu nimecheka peke yangu kwenye daladala 😂 Umeifuta?

Mgosi wa Kange

Kufuta wapi, nilishachelewa, wote wamesikia. Nimeisikiliza tena mwenyewe, ile sauti sijui ya nani, nyembamba inalia lia kama ya mtoto kanyimwa kitumbua. Mie najijua nina besi.

Kinyozi Barabara ya Nane

Besi ni ya ndani ya kichwa chako tu bro. Ukiongea, sauti unaisikia kwa njia mbili, moja inapita hewani kama sie tunavyokusikia, nyingine inapita kwenye mifupa ya fuvu, na mfupa unapitisha vizuri ule mtetemo wa chini, kwa hiyo unajisikia mzito. Simu inachukua ya hewani peke yake. Yaani sauti unayoichukia kwenye voisi ndo sie tumekuwa tukiisikia miaka yote na tumenyamaza kwa ustaarabu.

Na sio sauti tu. Mie kazini kila wiki namnyoa mtu, anajiangalia kwenye kioo, safi, analipa, anatoka nje anapigwa picha na mshkaji wake, anarudi kaja juu, umenichonga laini upande. Sijachonga upande, kichwa chako ndo kiko hivyo kaka, kila uso una upande mmoja umepanda, ila wewe maisha yako yote umejiona kwenye kioo na kioo kinageuza kulia kuwa kushoto. Umezoea ule uso wa kioo ambao hakuna mwingine anayeujua. Wazungu walishalijaribu hili 1977, wakachukua picha za kina dada wakawapa mbili mbili, ya kawaida na iliyogeuzwa kama kioo. Wenye sura wakapenda zaidi ya kioo, rafiki zao wakapenda ya kawaida. Kila mtu kapenda aliyoizoea.

Kwa hiyo mkuu hujui sauti yako, hujui sura yako, unashangaa nini kutojua mfuko wako.

Mswahili wa Pwani

Nyani haoni kundule.

Kipanga wa Donge

Nilikuwa nahesabu zitapita komenti ngapi kabla ya huyo nyani hajaletwa 😂 tatu tu.

Ticha Mstaafu

Ndugu mleta uzi, swali lako lina jibu na jibu lenyewe halikutukani sana. Mwaka 1979 kuna wataalamu wawili wa saikolojia huko Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwachukua wanandoa wakamuuliza kila mmoja kivyake, kazi hii ya nyumbani wewe unaifanya kwa kiasi gani, kupika kifungua kinywa, kuosha vyombo, kuangalia watoto na kadhalika. Ukijumlisha fungu la mume na fungu la mke inatakiwa ije mia. Ikawa inazidi mia. Mume anasema mie nafanya sehemu kubwa, mke anasema mie, na wote wawili hawadanganyi.

Utamu uko hapa, na ndio maana nakwambia sio majivuno peke yake. Waliulizwa pia mambo mabaya, mfano nani huwa anaanzisha ugomvi. Na huko pia hesabu ikapita mia. Mtu anajizidishia hata lawama. Walivyolieleza wao ni kwamba jambo ulilolifanya mwenyewe unalikumbuka kirahisi zaidi kuliko la mwenzio.

Mgosi wa Kange

Ticha umenigusa penyewe. Manake nikiangalia ile laki, naikumbuka yote. Nakumbuka nimepanga foleni kwa wakala, nakumbuka jua, nakumbuka makato ya kutuma na kutolea yalivyoniuma, nakumbuka mama alivyonipigia akaniombea dua hadi salio lake likakata. Ile miezi mitano niliyokosa haina picha yoyote kichwani. Hakuna siku mtu anakumbuka "leo ndo ile siku ambayo sikutuma kitu." Kwa hiyo kichwa kimechukua ile picha moja ya laki kimeirudufu mara kumi na mbili.

Na za mdogo wangu nitazikumbukaje, elfu tano anampa mama mkononi akipita na pikipiki, sijawahi kuiona hata moja.

Suka wa Bajaji

Haya mambo yako hata barabarani. Uliza dereva yeyote hapa stendi ya Kange, hakuna atakayekwambia yeye ni dereva wa kawaida. Wote wazuri. Sasa wanaogongana pale Pongwe ni akina nani, majini?

Kuna jamaa wa Sweden anaitwa Ola Svenson alifanya utafiti akautoa 1981, kauliza wanafunzi wa Marekani na wa kwao Sweden, ukilinganishwa na wenzio humu uko wapi kwa ufundi wa kuendesha. Wamarekani asilimia 93 wakajiweka nusu ya juu. Waswidi angalau 69. Nusu ya juu ni nusu jamani, haiwezi kuingia watu 93.

Ila mie nitetee madereva kidogo, kila mtu ana dereva mzuri wake kichwani. Mie mzuri kwangu ni asiyegonga. Mwenzangu hapa mzuri kwake ni anayewahi, Kange hadi sokoni dakika nane. Kila mtu anajipima kwa rula aliyoichonga mwenyewe, utafeli vipi? Abiria ndo wanajua, na abiria hawaulizwi.

Mwana wa Raskazoni

Tusiishie kwa madereva, mji mzima una ugonjwa huu. Kaa na wazee wetu jioni pale barazani, utadhani Tanga hii ndo ile ya mkonge bado. Na kweli enzi hizo tulikuwa moto, mbegu ililetwa na Mjerumani Hindorf 1893, zikapona 62 tu zikapandwa kule Kikogwe Pangani, hadi miaka ya 60 Tanganyika inaongoza dunia, tani zaidi ya laki mbili kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za naylon. Sasa mzee anasimulia ule mwaka mmoja wa neema kama mgosi alivyosimulia ile laki yake. Miaka ya njaa haina picha.

Na Coastal Union yetu je? Tulichukua ubingwa wa ligi ya mpira 1988. Mie mwenyewe nikibishana na watu wa Dar naiongelea kama ya juzi, na 1988 nilikuwa sijazaliwa 😂

Mswahili wa Pwani

Coastal muiache. Na African Sports pia muiache.

Kipanga wa Donge

Mie nilisoma mahali kwamba wajinga ndo wanajiona wana akili zaidi ya wenye akili, ile ya Dunning na nani sijui. Mgosi samahani sikusemi wewe.

Ticha Mstaafu

Kruger. Justin Kruger na David Dunning, Chuo cha Cornell, Marekani, 1999. Ila umeisimulia kama inavyosimuliwa vijiweni, hawakusema hivyo. Waliwapa watu majaribio, ya mantiki, ya sarufi, hata ya kuchekesha, kisha wakawauliza unadhani umekuwa wa ngapi. Wale wa robo ya chini kabisa kwa wastani walikuwa kama nafasi ya 12 ukihesabu kutoka chini katika watu 100, wao wakajikadiria 62. Waliofanya vizuri sana wao wakajishusha kidogo. Lakini angalia, aliyefeli hakujiona bora kuliko aliyefaulu. Alijiona juu ya wastani kidogo, basi.

Na kuna watu wa hesabu wamelipinga, wanasema sehemu ya jambo hili ni mchezo wa namba tu. Darasa zima likijikadiria sitini na kitu, wa mwisho lazima aonekane kajipandisha sana na wa kwanza aonekane kajishusha, huhitaji ujinga wa mtu kulieleza. Mie nimefundisha miaka thelathini, nilikuwa nawaambia watoto kabla sijarudisha karatasi, andika nyuma unadhani umepata ngapi. Karibu wote wanaandika kati ya hamsini na sabini. Mwenye kumi na nne anaandika hamsini na tano, mwenye tisini na moja anaandika sabini na anatetemeka. Sikuwahi kumcheka wa kumi na nne. Kujua kwamba jibu lako ni baya kunahitaji ile ile elimu ya kulipata jibu zuri, angeitoa wapi?

Mnaojiona mko salama, utafiti ule uliandikwa ukianza na kisa cha jamaa aliyeibia benki mbili Pittsburgh 1995 mchana kweupe, uso wazi, kajipaka maji ya limau. Alisikia limau ni wino usioonekana akaamini kamera haitamuona. Wakamkamata muda mfupi baada ya picha kuonyeshwa kwenye taarifa ya habari, na alishangaa kweli kweli.

Kipanga wa Donge

Limau tena 😂😂 huyo angekuja Muheza kwenye machungwa yote yale angekuwa haonekani kabisa.

Binti Pangani

Nimesoma uzi wote kimya kimya tangu jana. Kaka zangu mmechambua vizuri, Kanada mmefika, Sweden mmefika, Pittsburgh mmefika. Nina swali moja tu kwa mleta uzi.

Dada yako kaandikwa mara ngapi humo daftarini?

Mgosi wa Kange

Dada hayumo. Lile daftari ni la hela zinazotoka nje.

Binti Pangani

Ahaa. Na zile bada ulizokula zilijipika.

Mie nakuuliza manake nyumbani kwetu niliyebaki na mzee ni mie. Nakupa siku moja tu. Saa kumi na moja naamka maji ya moto, mzee apate kutawadha, namshika mkono hadi msalani namsubiri mlangoni. Chai yake haina sukari, dawa mbili kabla dawa moja baada, ukichanganya siku nzima ana kizunguzungu. Kufua, shuka kila siku siku hizi. Naenda mnadani kuwahi dagaa, namwachia mtoto wa jirani amwangalie, nikirudi na huyo mtoto nimpe kitu. Usiku naamka mara mbili. Kaka yangu anakuja Idi mbili kwa mwaka na kilo tano za mchele na mtaa mzima unatoka kumpokea, mzee mwenyewe anamsimulia wiki nzima, "mwanangu kaniletea mchele." Mchele ule nani anaupika hasemi.

Kwa hiyo mgosi umetoka kwenye hesabu ya kichwani kwako ukaingia kwenye ya daftari, ukadhani sasa umefika kwenye ukweli. Hata bi mkubwa kaandika anachokiona kinaingia. Kilichomo ndani siku zote hakiandikwi.

Suka wa Bajaji

Dada umetupiga wote hapa. Mie napark pembeni kwanza.

Ticha Mstaafu

Binti, nimeoa mwaka wa arobaini na moja huu. Nimeisoma komenti yako kwa sauti, mama akiwa jikoni. Amesema tu "mwambie asante" na akaendelea kukuna nazi. Sijui niseme nini, nimeenda kumshikia kibao cha mbuzi akanifukuza.

Kinyozi Barabara ya Nane

Mgosi uko wapi, umeitwa hapa.

Kipanga wa Donge

Kaenda kutuma voisi nyingine.

Mgosi wa Kange

Nipo. Nilikuwa nyumbani, nimetoka saa hizi.

Nilienda nikamuuliza mama wazi wazi, mama mbona dada hujamuandika. Nilidhani atasema kama Binti alivyosema, kwamba hakuliona. Akanicheka, "Nimwandike nini mwanangu, na kalamu anayo yeye?"

Sikuelewa. Nikalichukua daftari tena, nikafungua mwenyewe, safari hii sikuangalia namba. Kuanzia mfunguo sita mwandiko sio ule. Herufi zimenyooka, ndogo, zimekaa mstarini, wakati za mama zile za mwanzo zinapanda na kushuka. Ile siku ya kwanza niliona kabisa kwamba huku mwishoni panasomeka vizuri, nikajisemea moyoni mama kapata kalamu nzuri. Wallahi ndo nilivyowaza, kalamu.

Mfunguo sita ndo wakati macho ya mama yalianza. Dada aliandika kwenye grupu, nimerudi kuitafuta hiyo meseji nimeiona, "mama haoni vizuri kaka naona ni mtoto wa jicho tumpeleke lini." Mie nimejibu dole gumba. Kampeleka mwenyewe. Ndo maana siku ile mama alikuwa kafumba macho nikisoma, mie nikadhani anasikiliza kwa makini. Ile tano alinisahihisha bila kuona, anayo kichwani, wanasomeana usiku.

Kwa hiyo zile arobaini zangu na thelathini na hamsini za mwishoni, aliyeziandika ni dada. Na siku nilipotuma ile voisi ya nyie mko wapi alikuwa ameshaziandika zote.

Nimemkuta uani anaanua nguo, nikamuita, akanambia "subiri kaka mvua inakuja," nikasimama pale, kisha nikaanza kuanua na mie. Nguo za mama zote zina kifundo cha uzi mwekundu kwenye pindo. Nikamuuliza hii ya nini. Ili azijue kwa kupapasa.

Bati nimelipa fedha yote leo mchana. Mdogo wangu kaleta mafundi na pikipiki, kaniandikia kwenye grupu ahsante sana kaka mkubwa wewe ndo nguzo yetu, na mie sijajibu bado manake sijui naandika nini hapo.

Kipanga wa Donge

Usimtumie dole gumba tu.